Mimi kusubiri prosesa basi tena

Jana nilimtumia kaka picha ya boksi la prosesa niliyonunua, Ryzen 5 7600 ya AMD, akajibu neno moja tu: "Rudisha." Eti Zen 6, kizazi kipya cha prosesa za AMD, iko njiani, nitajuta. Jamani mimi kwa kusubiri si nimeshahitimu, nani atanifundisha?

Mwanzoni mwa 2024 hela ya kompyuta ilikuwa kamili kwenye simu. Nikaambiwa ngoja Ryzen 9000. Zikatoka Agosti, watu wakalalamika eti kwenye gemu hata 7800X3D ya 2023 hazijaifikia (X3D ndizo zao kali za gemu), haya ngoja basi X3D mpya. Novemba ikaja 9800X3D, moto kweli kweli, ila bei yake na mfuko wangu hawajuani. Na hela nayo haikukaa kunisubiri, mara ada ya mdogo wangu, mara pikipiki ya mjomba kule Arua imeua injini, unatoa kidogo unasema nitarudisha, ukija kuangalia salio ni aibu tupu.

Halafu nilikuwa nimekodolea macho prosesa, kumbe ramu, ile kumbukumbu ya mashine, ndiyo inanikimbia. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za ramu za DDR5, ndizo prosesa hii inazotumia, zimepaa dunia nzima, viwanda vinakimbilia kutengeneza chipu za seva za AI, sisi wa gemu tukagombanie makombo. Juzi nikaingia duka moja hapa Kampala kuulizia mbili za giga 16, jamaa akataja bei nikadhani ni ya mashine nzima na skrini yake. "Ssebo, hiyo ni ya leo, kesho sikuahidi." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikachukua prosesa pekee, angalau hiyo imeshuka. Na si kwamba nimenunua kwa hasira, maana mimi nacheza mpira na magari kwenye skrini ya hertzi 60, inaonyesha picha 60 kwa sekunde, sasa hata prosesa itoe 200 hizo nyingine nitazionea wapi? Hapo hela ya maana iende kwenye kadi ya grafiki. Na soketi, pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa mashine), ni AM5, AMD wenyewe walisema wanaishikilia mpaka 2027 na kuendelea, kwa hiyo hizo Zen 6 za kaka zikija na zikishuka bei, nasasisha BIOS, ile programu ya mazabodi ya kuwashia mashine, nabadilisha prosesa, mazabodi inabaki ileile. Wenye AM4, soketi iliyotangulia, walifanya hivyohivyo, mtu alianza na Ryzen ya 2017 na baadhi ya mazabodi zilezile zikaja kubeba 5800X3D ya 2022.

Boksi liko juu ya kabati, feni yake imo humo humo, hiyo hela nimeokoa. Ramu nitaanza na kijiti kimoja, najua zikiwa mbili mashine inakimbia zaidi, msiniandikie. Kinachoninyima usingizi ni UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, maana wiki hii umeme wa mtaani kwetu umekatika mara tatu na kaka hajaniambia nisubiri umeme upi.