Alhamisi ya Kwanza

Mwezi Februari mwaka 2015 nilikuwa nimemaliza wiki tatu Cape Town, nikisoma shahada ya uzamili ya mipango miji katika chuo kilicho chini ya mlima, na katika wiki zote hizo Kiswahili nilikizungumza kwenye simu tu, nikimpigia mama aliyekuwa Msasani. Ndiyo maana mchana mmoja, nikikatiza Greenmarket Square, niliposikia mtu akimgombeza mchukuzi wa mkokoteni kwa lugha yangu, ingawa kwa lafudhi nisiyoizoea, nilisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Uwanja ule uliosakafiwa kwa mawe ni sehemu ya soko tangu enzi za Waholanzi. Upande wake mmoja lipo jumba la zamani la mji, lililojengwa katikati ya karne ya 18, ambamo kwa miaka mingi zilihifadhiwa picha za wachoraji wa Kiholanzi. Nje yake, juani, wamejipanga wachuuzi kutoka karibu kila pembe ya Afrika. Mwenye sauti ile alikuwa mtu wa makamo kutoka Lubumbashi, aliyefika kule kwa malori kupitia Zambia na Zimbabwe miaka mingi kabla yangu. Vijana wa Kikongo waliouza karibu naye walimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, nami nikafuata. Aliuza vinyago, bangili za shaba, vito vya malakiti, lile jiwe la kijani la kwao Katanga, na nyuma ya meza, zikiwa zimebanwa kwa vibanio vya nguo, picha za Tingatinga: chui wa madoa, ndege wenye mikia mirefu kuliko miili yao, vifaru walioelekea kutabasamu.

Nilipoziona nilijaa kiburi cha mgeni aliyekutana ghafla na kitu cha nyumbani. Nikamwambia kwamba hizo ni za kwetu, na kwamba tangu nikiwa na miaka saba nilikuwa nikipita kila asubuhi mbele ya vibanda vya wachoraji wenyewe, pale Oysterbay karibu na Morogoro Stores, nikienda shule. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Basi unabajua bale banachora?" Sikuwa na jibu. Yeye, ambaye hakuwahi kukanyaga Dar es Salaam, alianza kunisomea majina yaliyoandikwa kwenye pembe za picha, moja baada ya jingine, akinionyesha ni nani hupaka mandhari ya nyuma yakififia kutoka juu kwenda chini, na ni nani ambaye miguu ya ndege humshinda kila siku. Mimi nilijua jina moja tu, la Edward Saidi Tingatinga aliyeianza kazi hiyo mwaka 1968 kwa rangi za madukani juu ya silingbodi, kisha akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Na hilo nililipata darasani. Kutoka kwenye vibanda vyenyewe nilikuwa nimebakiwa na harufu ya rangi ya mafuta, basi.

Kabla sijaondoka aliniambia, akichanganya na Kifaransa, ambacho jeudi yake ni Alhamisi, "Kesho njo jeudi ya kwanza. Ba galerie banafungula mupaka usiku, na kuingia njo bure. Ukuye." Nilidhani ananitania, kwa sababu sikuweza kuunganisha mchuuzi wa mezani na majumba ya sanaa. Kumbe alikuwa akienda karibu kila mwezi.

Utaratibu huo ulianza Cape Town mwaka 2012, ukifuata mfano wa miji mingine kama London. Katika Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, majumba ya sanaa ya katikati ya mji, mengi yakiwa katika mitaa ya Church, Loop na Bree, hayafungi jioni kama kawaida yake bali hukaa wazi hadi saa tatu usiku na hata baadaye. Hakuna tiketi wala geti. Mtu huingia na kutoka atakavyo, akitembea kwa miguu kutoka mlango huu kwenda mwingine, na njiani hukutana na wanamuziki waliosimama vibarazani. Kwa mtu wa Dar es Salaam, ambako Kariakoo haina habari na saa, hilo laweza kuonekana jambo dogo. Lakini Cape Town ni mji ambao sheria za ubaguzi ziliwahamisha watu weusi na machotara hadi tambarare za Cape Flats, mbali na katikati ya mji. Mtaa wa District Six, ulio umbali wa kutembea tu kutoka Greenmarket Square, ulitangazwa kuwa wa wazungu mwaka 1966 na nyumba zake zikabomolewa. Hadi leo wengi huondoka mjini ofisi zinapofungwa, wakiwahi treni na daladala. Watu kuzurura kwa miguu usiku katikati ya mji ule ni jambo lenye uzito wake, na mimi nilijiambia kwamba naenda kwa ajili ya utafiti. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpweke.

Siku ya pili yake nilivaa shati jeupe nililoliweka kwa ajili ya mahafali, nikapanda daladala Mowbray. Upepo wa kusini-mashariki, ambao wenyeji huuita Daktari wa Cape kwa kuwa eti hufagia magonjwa, ulikuwa umeanza tangu asubuhi, na juu ya mlima wingu lilikuwa limetandazwa kama kitambaa cha meza. Nilifika saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likiwa bado kali, maana wakati ule wa mwaka huchwa karibu saa mbili usiku, jambo ambalo mtu aliyezaliwa karibu na ikweta hachoki kulishangaa. Yaya alikuwa amekwisha kufunga meza. Bidhaa nyingi zilikuwa zimekwenda stoo kwa mkokoteni, lakini vitu vya thamani, yaani malakiti, vinyago vikuukuu na picha zilizokunjwa, hakuwa akimwachia mtu wa stoo. Alivibeba mwenyewe katika mifuko miwili mikubwa ya mistari ya rangi, ile ambayo sisi huiita shangazi kaja. Aliliangalia shati langu akasema limependeza.

Jumba la kwanza lilikuwa na picha za mandhari, na tuliliona upesi. La pili lilikuwa limejaa vijana wenye glasi za mvinyo waliosimama migongo ikiwa imeelekea ukutani, na sikuwalaumu, kwa kuwa mvinyo ulikuwa mzuri kuliko picha. Yaya hakunywa. Alikwenda picha kwa picha, mikono nyuma, akisoma kila kikaratasi na kuhesabu vidoa vyekundu vinavyobandikwa kwenye kazi zilizokwisha kununuliwa. Mbele ya picha moja ndogo aliinama, akaitazama turubai kwa ubavuni, kisha akaniambia kwamba kwao, alipokuwa mtoto, wachoraji walitumia magunia ya unga yaliyopakwa rangi nyeupe, nao walipita nyumba kwa nyumba wakiuza. Baba yake, mfanyakazi wa migodi ya shaba, alikuwa na picha ya Mamba Muntu sebuleni: mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, nyoka pembeni yake. Ilisemwa kwamba huleta utajiri kwa masharti mabaya. Hawakupata utajiri, alisema, lakini masharti hayakukosekana. Nilicheka. Sikujua kama nilipaswa kucheka.

Jumba la tatu sitalitaja. Ukuta wake mzima wa ndani ulikuwa umefunikwa na kazi moja kubwa iliyoshonwa kwa mifuko ya shangazi kaja, kadhaa kwa kadhaa, iliyokatwa na kuunganishwa hadi mistari yake ya buluu na nyekundu ikawa kama ramani ya mji. Maelezo ukutani yalizungumzia uhamaji na kutokuwa na kwao. Ni mfuko wenye historia: Nigeria umebaki na jina linalokumbusha mwaka 1983, Waghana walipofukuzwa wakafungasha vyao humo. Bei ya kazi ile ilikuwa randi 48,000, na niliipiga hesabu papo hapo: zaidi ya milioni saba za Kitanzania. Yaya aliweka mifuko yake miwili sakafuni, karibu na ukuta, ili apumzishe mikono, akasogea nyuma kuitazama kazi kama anavyostahili kutazamwa mtu mzima, kuanzia juu.

Hapo ndipo mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa alipokuja, akaitazama ile mifuko ya sakafuni, akarudi hatua mbili, akaipiga picha kwa simu. Kisha akachutama kutafuta kikaratasi chake. Alipokikosa, aligeuka akamuuliza aliyekuwa karibu naye, yaani Yaya, kama na hiyo ni sehemu ya kazi. Yaya akamjibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba mifuko hiyo haiuzwi, ila vilivyomo ndani ndivyo vinavyouzwa, na bei yake ni nafuu.

Mwanamke yule alicheka kweli, na mambo yangeishia hapo. Lakini kijana wa jumba lile aliyekuwa mlangoni alikuwa ameisikia sauti. Alikuja haraka, akaitazama mifuko, akamtazama Yaya viatu hadi kofia, akamwambia kwamba biashara ya mitaani hairuhusiwi ndani, na kwamba tafadhali atoe mizigo yake. Alisema tafadhali mara mbili. Halafu aligeukia upande wangu akaniuliza, kwa sauti tofauti kabisa, kama niko pamoja na bwana huyu.

Sikusema hapana. Nimejikumbusha hilo mara nyingi, kana kwamba ni utetezi. Nilichofanya ni kuinamisha kichwa kwenye karatasi ya bei niliyokuwa nimeishika, nikawa kama sikusikia, na nikasogea hatua mbili, labda tatu, kuelekea picha iliyofuata. Ilikuwa picha ya kiti. Naikumbuka vizuri kuliko picha zote za usiku ule, kwa sababu niliitazama hadi nilipohakikisha kwamba Yaya amekwisha kutoka.

Nilimkuta nje, mifuko ikiwa katikati ya miguu yake ili isipeperushwe. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema twende Church Square, kuna muziki, nasi tukateremka tukavuka mtaa wa Adderley, yeye akitangulia.

Church Square iko kando ya jumba walimofungiwa watumwa wa Kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki, iliyoitawala Cape enzi hizo. Mwaka 2008 manispaa iliweka hapo kumbukumbu yao: vipande 11 vya mawe meusi ya matale, vilivyochongwa maneno na majina. Ni mawe ya kimo cha kukalia, na usiku ule watu walikuwa wameyakalia kweli, chupa za bia zikiwa juu ya maandishi, wakisikiliza bendi ndogo ya saksafoni, gitaa, banjo na ile ngoma fupi ya umbo la pipa ambayo wenyeji huiita ghoema. Wapo wasemao kwamba jina hilo limetokana na ngoma yetu hii hii, lililofika Cape na watumwa waliotolewa pwani ya mashariki, na nilipousikia mdundo wake sikuhitaji kushawishiwa. Upepo uliichukua sauti ya saksafoni ukaipeleka kwingine, kisha ukairudisha. Ngoma peke yake ndiyo iliyokaa mahali pamoja. Wazee wawili waliovalia suti walicheza kwa hatua fupi fupi. Binti mmoja aliyekuwa amekalia jiwe la majina aliinuka kucheza, nami nikayasoma maandishi aliyokuwa ameyafunika, hadi aliporudi kukaa.

Yaya hakukaa. Alisimama na mifuko yake akitikisa kichwa kwa mdundo, na bendi ilipopumzika alitia sarafu kwenye kasha la gitaa. Kisha akatazama saa akasema lazima awahi gari la mwisho la Maitland, kabla hawajaanza kupandisha nauli. Nikamwambia nitamsindikiza hadi stendi. Tulitembea mtaa mzima bila neno. Nilikuwa nikitafuta namna ya kulianza lile la jumba la tatu, na kila sentensi niliyoitunga ilikuwa na mimi ndani yake kuliko yeye. Mwishowe nikasema tu, "Yaya, nipe mfuko mmoja nikusaidie."

"Utachafuka shati," alisema.

Nikamwambia shati litafuliwa. Alisimama chini ya taa, akaviangalia vishikio vilivyokuwa vimemchora mistari viganjani, akapima mfuko mmoja, akapima wa pili, bila haraka. Kisha akanipa ule wa mawe.