Siku Yangu na Wagonjwa wa Ukoma, Busia

Saa mbili asubuhi. Ni siku ya kliniki. Wagonjwa wa ukoma wanakuja kuchukua pakiti mpya ya dawa, ambayo ni bure na ya siku 28. Mwenye madoa yasiyozidi 5 humeza kwa miezi 6, mwenye mengi miezi 12. Dozi ya mara moja kwa mwezi wanaimeza mbele yangu, nyingine za kila siku nyumbani, kisha naomba pakiti ya zamani.

Saa nne. Mama anayeuza omena ananipa yake. Tembe nyeupe za dapsoni zimeisha, lakini kapsuli za kahawia za klofazimini bado zimo zote. Huyu hakusahau, anayesahau huacha zote mbili. Navuta kiti karibu.

"Mama, hizi zinakusumbua?"

Anateremsha leso begani. "Sista, niangalie. Wateja wananiuliza nimepatwa na nini."

Kweli, uso na mikono imekuwa myeusi. Namweleza ni rangi ya dawa, na itafifia polepole akishamaliza. Dapsoni pekee haitoshi: miaka ya 1960 vimelea vilianza kuizoea, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mchanganyiko wa dawa. Anauliza maswali mengi, tunakaa muda mrefu. Wauguzi wenzangu, nawasihi tusiwagombeze watu hawa. Ukimfokea, mwezi ujao atamwaga kapsuli chooni akuletee pakiti tupu, nawe utaandika kwamba amemeza.

Saa nane. Bodaboda hadi Teso Kusini, kwa mzee ambaye hakuja. Nashuka mbali na boma na kuingia bila koti jeupe, maana majirani hawajui ugonjwa wake, na wenye umri wake wanakumbuka watu walivyopelekwa hospitali ya ukoma ya Alupe kukaa mbali na jamaa zao.

Mzee ameacha dawa. Madoa yamevimba, mkono unamuuma, naye anaamini dawa ndiyo inamdhuru. Kumbe ni kinga ya mwili inayopambana na vimelea, hata vilivyokwisha kufa. Namwomba afumbe macho, namgusa kiganja kwa ncha ya kalamu. Kidole cha mwisho hakisikii kitu. Hapo hakuna kungoja: mshipa wa fahamu ukichelewa kutibiwa, mkono hulemaa.

Saa kumi. Nampigia daktari simu. Kesho mzee aletwe aanzishiwe prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na dawa za ukoma aendelee nazo. Mkewe amening'iniza kalenda jikoni. Kila jioni akimwona amemeza, ataweka alama.