Namna nilivyopata pori la kuendeshea pikipiki kwa ruhusa, nje ya Lubumbashi

Tangu ninunue Yamaha DT 125 iliyotumika, yenye matairi ya meno na springi ndefu, sikuwahi kuhangaikia petroli wala vipuri kama nilivyohangaikia mahali pa kuiendesha. Naishi Kampemba, sehemu mojawapo ya mji wa Lubumbashi, huku Kongo. Barabara za mji wetu ni za kazi: malori ya shaba yanayoelekea Kasumbalesa, mabasi madogo, pikipiki za abiria. Pikipiki ya pori inataka pori, na ukitoka Lubumbashi upande wowote, baada ya nusu saa miti ya miombo imeshakuzunguka. Niliona sina haja ya kumwomba mtu.

Mwezi wa sita, vumbi likiwa jekundu na udongo mgumu, niliingia kinjia kimoja upande wa Kipushi. Hapakuwa na uzio wala kibao. Niliendesha labda dakika arobaini, nikifurahi kwelikweli, hadi walinzi wawili waliponisimamisha na mmoja akatoa ufunguo kwenye pikipiki kabla hajanisalimu. Waliniuliza nani amenipa ruhusa. Nikajibu kwamba hii ni ardhi ya Serikali. Yule mkubwa wao hakunigombeza. Alisema tu, “Ni ya Serikali, ndiyo. Lakini Serikali ilishatupatia sisi, papa.”

Pikipiki yangu ililala kwenye kituo chao siku tatu, nikaipata baada ya kuandika barua ya kuomba radhi. Maneno ya yule mlinzi yaliniuma, kwa sababu alikuwa na haki na mimi sikujua.

Nikatafuta sheria ya ardhi, ile ya tarehe 20 Julai 1973, nikaisoma kwa Kifaransa jioni tatu mfululizo. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, mali isiyoweza kuuzwa. Wengi wetu tunaishia hapo. Ukiendelea unakuta kwamba kuna ardhi ya matumizi ya umma, na kuna ile ambayo Serikali inaweza kumpatia mtu au kampuni. Ardhi ya vijiji nayo imewekwa mikononi mwa Serikali na kifungu cha 387, kisha kifungu cha 389 kinaahidi kwamba haki za wanakijiji zitapangwa na agizo la Rais wa Jamhuri. Agizo hilo halikutoka. Kwa hiyo kijijini unakuta watu wanaoishi kwa mila juu ya ardhi ambayo karatasi yake iko mjini, na pande zote mbili zina la kusema kuhusu tairi lako. Halafu chini ya udongo huohuo kuna madini, ambayo yana sheria yake ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, na haki ya madini haifungamani na haki ya udongo ulio juu yake. Mahali pamoja, wenyewe watatu.

Huku Katanga, eneo letu hili la Lubumbashi, basi, ukitaka kupita kihalali, anza na madini. Kadasta ya madini, yaani ofisi ya Serikali inayosajili vibali vya madini, ina ramani yake kwenye intaneti, na ndiyo iliyonisaidia kuliko kitu kingine chochote. Vibali hupimwa kwa miraba, kila mraba karibu hekta 85, na ukiifungua ramani upande wa Lubumbashi utashtuka: rangi imejaa kama kitenge. Mara ya kwanza nilikata tamaa. Baadaye nilijifunza kutofautisha. Penye kibali cha uchimbaji nilipafuta kabisa, hata kama ni nyasi tupu. Kibali hicho siku hizi hutolewa kwa miaka 25 na mwenyewe anaweza kuanza kazi wakati wowote. Penye kibali cha utafiti nilipawekea alama ya kuuliza. Nilikuwa nasimama kwenye barabara kuu, nachukua alama ya mahali kwa simu, kisha nyumbani naiweka juu ya ramani ya kadasta. Kazi hiyo ilinichukua wikendi tano.

Kuna sehemu nilizifuta bila hata kutazama ramani. Hifadhi za taifa za Upemba, ya mwaka 1939, na Kundelungu, ya mwaka 1970, ziko chini ya ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira ya asili, na sioni sababu ya kupeleka kelele za injini kwa wanyama waliobaki wachache. Maeneo ya wachimbaji wa mikono pia nilipita mbali. Huko kuna mashimo ambayo hayajafukiwa, mengine yamefunikwa na majani tu. Ukiingia na gurudumu la mbele hutoki. Na uwazi wa udongo wenye shaba, ule usioota miti, niliuacha: mimea inayoota pale ni ya pekee, mingine haipatikani nje ya Katanga, na tairi la meno linaing'oa kwa dakika moja.

Mwisho nikabaki na kipande kimoja upande wa barabara ya Kasenga. Kweupe kwenye ramani, miombo iliyokwisha kukatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, na kuanza kuchipua upya, vichuguu vikubwa virefu kuliko nyumba, na njia nyingi za baiskeli.

Sikwenda na pikipiki. Nadhani hilo ndilo lililofanya mambo yawezekane. Nilipanda basi na mwenzangu mmoja, tukabeba sukari, chumvi na sabuni, maana kwa mfumu, yaani chifu wa kijiji, huendi mikono mitupu, tukamkuta ameketi na wazee wanne chini ya mwembe. Akaniuliza, “Mwana, weye unatafuta nini uku?” Nikamweleza: natafuta njia ya kuzungukia na moto, yaani pikipiki, siku za kupumzika, sitaki shamba, sitaki mti, sitaki jiwe. Alicheka kidogo nilipotaja jiwe, yaani madini. Inaonekana kila anayefika na ramani huwa anatafuta jiwe.

Walitusikiliza muda mrefu, kisha wakaanza kutufundisha. Watu wa makala hushuka alfajiri na baiskeli zilizobeba magunia matatu au manne. Baiskeli namna hiyo haiwezi kusimama ghafla wala kukupisha, kwa hiyo kabla ya saa tatu asubuhi njia ni zao. Mvua ikishakolea, kina mama na watoto huingia porini kuokota uyoga, bowa tunavyouita, nao huinama nyuma ya vichuguu ambako huwezi kuwaona. Dembo, lile bonde la nyasi linalokusanya maji, tusiliguse kabisa kuanzia mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja hadi likauke mwezi wa tano, kwa sababu alama ya tairi inageuka mfereji na maji yanahama. Mzee mmoja alituonyesha kwa kidole upande wa makaburi. Hakueleza zaidi, wala hatukuuliza. Tuliandika yote kwenye daftari mbele yao.

Kisha ikaja karatasi. Ruhusa ya mfumu ni kubwa, lakini polisi wa njiani hawaisomi. Niliandika barua kwa ofisi ya teritori, yaani utawala wa Serikali wa eneo lile, nakala tatu, pamoja na mchoro wa njia: mzunguko wa kilomita 14, pikipiki zisizozidi sita kwa siku, Jumamosi na Jumapili tu, kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Mfumu aliweka saini kando ya mchoro. Ofisini niliambiwa kuna malipo. Nikasema nitalipa nikipewa risiti. Risiti haikuonekana, malipo nayo hayakutajwa tena, ila barua ilikaa wiki saba. Nilirudi kila Jumanne asubuhi, nikasalimia, nikakaa kwenye benchi. Barua ilipotoka ikiwa na muhuri, niliipiga nakala sita, moja kwa kila mwendeshaji, ndani ya mfuko wa plastiki.

Watu hunishangaa ninapowaambia kwamba hata pikipiki ya pori inahitaji namba, kadi yake ya pinki, bima na leseni ya dereva. Ili ufike porini utapita barabara ya umma, na huko sheria ya barabara ya mwaka 1978 inakuhusu kama inavyomhusu mwenye lori. Ruhusa ya mfumu haikusaidii mbele ya kituo cha ukaguzi. Nami nilifunga tena taa ambazo mwenye pikipiki wa kwanza alikuwa amezing'oa.

Kinachonitia hofu zaidi ni moto wa nyasi. Mwezi wa nane nyasi zimekauka, na bomba la DT hutema cheche. Niliweka kizimacheche kwenye bomba, kila mmoja wetu hubeba lita tano za maji, na hatuegeshi pikipiki juu ya nyasi. Tunaegesha kwenye udongo uliofagiwa. Kizimacheche hicho kilipunguza kelele pia, na wazee walilitambua siku hiyohiyo.

Mwaka jana tuliharibu. Wenzetu wawili wapya walikuja bila kusikiliza maelezo, wakakata kona kupitia shamba la mihogo. Mwenye shamba ni mjane. Mfumu alifunga njia mwezi mzima, na alifanya vema. Tulilipa mihogo kwa bei aliyoitaja mama mwenyewe, tukarudi Jumamosi mbili na majembe kumsaidia kupanda, na wale wawili hawakupanda pikipiki huko tena msimu ule. Tangu hapo hakuna anayewasha injini kabla ya kutembea mzunguko wote kwa miguu mara moja. Kilomita 14 ni nyingi juani, lakini ukizitembea unajua shamba linaanzia wapi.

Ramani ya kadasta naifungua kila baada ya miezi mitatu, kwani vibali vipya vinatoka na vingine vinakwisha. Mwezi wa tatu mwaka huu niliona mraba mmoja ambao ulikuwa mweupe umepata rangi, na kona yetu ya kaskazini ilikuwa ndani yake. Nilikwenda kwa mfumu na simu mkononi nikamwonyesha. Alikuwa hajaambiwa na mtu. Aliniomba nimwachie picha ya ramani ile, nikaichapisha mjini na kumletea, naye akaipeleka teritori kuuliza kwa niaba ya kijiji. Kona yetu tumeisogeza mita mia nne upande wa mashariki, nyuma ya kichuguu kikubwa, na njia ya zamani tumeifunga kwa matawi.