Ua wa kayaba

Nimerudi Oktoba, na sikupanga iwe Oktoba. Mkataba wangu wa kazi kule Doha, Qatar, uliisha siku yake, tiketi ya bei nafuu ikapatikana, basi. Tukapanda Expressway, ile barabara ya juu ya Nairobi, ambayo niliondoka haijawa hata wazo kichwani mwangu, tukashuka upande wa Westlands, tukaingia Kileleshwa, mtaa niliokulia. Barabara ilikuwa zambarau tupu. Mtu mzima wa miaka 39, nikamwomba dereva asimame nishuke niyakanyage maua. Ua la mjakaranda likianguka zima hubeba hewa ndani yake; ukilikanyaga kwa kisigino hulia pu! Nilikanyaga kama kumi hivi. Dereva akaangalia saa yake.

Niseme mapema kwamba sikulelewa Kileleshwa ya mbele. Nililelewa ya nyuma, kwenye SQ, yaani makazi ya watumishi. Chumba kimoja cha mawe ya kijivu, paa la bati, mfereji wa maji nje, kamba za nguo, migomba mitatu ambayo mama aliipanda kwa ruhusa. Nyumba kubwa ilikuwa mbele yetu, ya vigae vyekundu, na kati yake na sisi palikuwa na nyasi ambazo hatukuruhusiwa kuchezea ila wenyewe wakisafiri. Baba alikuwa mtunza bustani hapo tangu 1987. Kila Oktoba alfajiri nilisikia reki yake kabla ya ndege wale kwarara kuanza kelele: krr, krr, krr, akiyakusanya maua kabla mwenye nyumba hajatoa gari, kwa sababu yakilowa huteleza na yakikauka hung'ang'ania lami.

Na ule ua! Kote mtaani ua ulikuwa wa kayaba. Ambaye hakukulia Nairobi ya zamani huenda haujui: mmea wenye miiba mirefu kama sindano ya gunia, majani mazito, matunda ya manjano machungu ambayo tulikula kwa chumvi mpaka meno yakafa ganzi. Baba aliukata kwa mkasi mkubwa wa mikono miwili, juu ukawa sawa kama meza. Mikono yake ina makovu ya kayaba hadi leo. Ua huo ulikuwa kazi ya mtu, kila wiki, mwaka hadi mwaka. Mpita njia aliona kijani tu.

Jina la Kileleshwa lenyewe ni la kichaka. Leleshwa ni ule mmea wa majani ya kijivu, meupe kwa chini, ukiyafikicha yananukia kama kafuri. Wamaasai huyatumia kujinukisha kwapani. Hapa mtaani sijawahi kuona hata mmoja. Miti inayosifiwa ni ya kuletwa, mjakaranda ukiwa umetoka Amerika Kusini. Hata Arboretum, ile bustani ya miti, tuliyokwenda kuchokoza kima siku za Jumapili ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, kwa sababu garimoshi lililofika Nairobi 1899 lilikuwa linakula kuni. Watu wanaoenda kule kupiga picha za harusi wanatembea kwenye shamba la majaribio ya kuni. Haipunguzi uzuri, nasema tu.

Uzuri wenyewe ulianzia kwenye udongo. Ukitoka katikati ya jiji kwenda magharibi unapanda, na udongo ni mwekundu, wa kina, unanyonya maji. Ukichomeka fimbo inaota. Ukienda mashariki unateremka kwenye uwanda wa udongo mweusi, ule unaopasuka jua likiwaka na kunata hadi magotini mvua ikinyesha. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa Simpson, aliandika ripoti akipendekeza mbari zikae mbalimbali, eti kwa ajili ya usafi. Serikali ya kikoloni ilikuja kuiacha sera hiyo kwa jina mwaka 1923, lakini hati za viwanja na uwezo wa mfuko viliendelea na kazi. Wazungu wakabaki juu kwenye wekundu, Wahindi wakajaza Parklands na Ngara, Waafrika wakapelekwa Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni. Mwafrika wa kulala huku juu alikuwa mpishi, yaya au mtunza bustani, na chumba chake kilikuwa nyuma. Baada ya 1963 waliokaa nyumba kubwa walibadilika rangi, wengi wakiwa maofisa wa serikali. Chumba cha nyuma hakikubadilika.

Kilichoilinda miti miaka yote hiyo, na hili nilifundishwa na baba siyo na kitabu, ni choo. Mtaa haukuwa na bomba la maji taka, kila nyumba ilikuwa na tangi lake la chini na shimo la kunywesha ardhi maji machafu, kwa hiyo kiwanja kilitakiwa kiwe nusu ekari au zaidi. Nyumba moja, familia moja, nusu ekari: bila shaka kutakuwa na miti! Bomba lilipofika, hesabu ikageuka. Pale palipokaa watu sita pangeweza kukaa familia sitini.

Niliondoka Septemba 2009, wiki chache baada ya sensa. Karani alitukuta SQ usiku, akatuandika kwa tochi. Nairobi ilihesabiwa watu milioni 3.1 mwaka huo. Sensa ya 2019 ikapata milioni 4.4. Hao wote hawakuja Kileleshwa, lakini siku ya kwanza asubuhi nilidhani wamekuja. Kuanzia saa kumi na moja maboza ya bluu ya maji yalikuwa yamepanga foleni, yananguruma, yakijaza matangi ya maghorofa, maana maji ya mfereji huja kwa zamu. Pale palipokuwa na mbwa na kibao cha "Mbwa Kali" sasa pana kibanda cha walinzi na kamera. Nimepanga humo humo mtaani kwa miezi mitatu, ghorofa ya saba, sebule na chumba kimoja. Dirishani naona madirisha ya wengine, na kilele kimoja cha mgrevilea.

Rafiki zangu wa zamani wanaomboleza. Wanatumiana picha za barabara zenye vivuli, wanaandika "Kileleshwa yetu". Nawaelewa. Vumbi la ujenzi linakera, mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama tena yanashuka barabarani kama mto, na kwarara wamepungua sana masikioni mwangu. Lakini nikisoma hiyo "yetu" mkono unasita kubonyeza. Nyumba ilipouzwa 2011 mzee alipewa mwezi mmoja na redio. Miaka 24. Niko Doha, nalinda makazi ya wakubwa, ambako kila mti una mpira wake wa maji ya matone na mtu wa kuukagua. Ukiufunga wiki moja kiangazi, mti umekwisha. Kule ndiko nilikoelewa kwamba kijani cha mji kina mishahara ndani yake, na mishahara midogo.

Wala siwezi kujifanya sifurahii lifti. Mtoto wa SQ anapita lango la mbele, askari anamwita mkubwa, anaona aibu, anakubali.

Jumamosi nilikwenda kwenye kiwanja chetu. Sikujua kama ningekitambua. Kuna majengo mawili marefu, chini magari, na mahali pa migomba ya mama pana jenereta. Kayaba hakuna, ni ukuta wenye waya wa umeme. Ila mjakaranda mmoja upo, ule wa nje. Nilisimama nikajiuliza kwa nini huo, nikaona: upo kwenye hifadhi ya barabara, hauna mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuuuza. Ukipita mitaa ya hapa utaona karibu miti yote mikubwa iliyosalia imesimama hivyo, nje ya kuta. Waiyaki Way pia mkuyu mzee uliponea mikononi mwa tingatinga mwaka 2020, lakini huo ulihitaji amri ya Rais.

Chini ya mti kijana mwenye ovaroli ya kampuni alikuwa anafagia maua. Reki hana, ana ufagio wa nyasi ngumu. Nikampiga picha kwa ruhusa yake, nikamtumia baba Vihiga, kisha nikampigia.

Alikuwa kimya muda mrefu. Nilidhani mtandao umekatika.

"Tawi la chini walilikata vibaya," akasema. "Litaingiza maji."

"Ndiyo, baba."

"Na huyo kijana, analala wapi?"

Nikamwambia Kawangware, nilimuuliza. Huja kwa miguu, karibu saa nzima.

"Kwake mwenyewe?"

"Amepanga. Chumba."

"Afadhali," akasema mzee. "Ikifika jioni, anaenda kwake." Kisha akaniambia nimwonyeshe yule kijana namna ya kuyakusanya kuanzia upande wa juu wa barabara, maana pale pana mteremko, anajichosha bure.