Siku moja Dodoma na mama: asubuhi tumeshuka, jioni tumerudi zetu Dar

Kila mtu niliyemwambia naenda Dodoma kutembea alinicheka. Kutembea? Dodoma? Watu wanaenda Dodoma kwa semina, kwa vikao, kufuatilia barua ya uhamisho, au kuapishwa. Mmoja ofisini akaniuliza eti dada umeteuliwa hutuambii. Nikawaacha waongee.

Wazo lenyewe nililitoa kwenye zile video za watu wa meli kubwa za kitalii, wale meli ikitia nanga Zanzibar asubuhi wanashuka na vikofia vyao, wanazunguka Mji Mkongwe, wanakula, wananunua karafuu na mdalasini, jioni wamerudi melini kulala na mizigo yao haijatoka hata chumbani. Nikasema hii mbona naiweza, meli sina ila treni ipo. Tangu SGR, ile treni ya umeme ya reli mpya, ianze kupeleka abiria Dodoma, mwezi wa saba 2024, unatoka Dar alfajiri, mchana unakula Dodoma, usiku uko kitandani kwako Tabata. Enzi za basi ukifika tu siku imeisha na kiuno hukisikii.

Nikamchukua mama. Mama yangu Dodoma anaijua kwa dirishani. Miaka ya themanini alikuwa anapanda treni ya reli ya kati kwenda Tabora kwa babu, treni ikisimama Dodoma ananunua karanga na mayai ya kuchemsha kupitia dirishani, lakini chini hajawahi kukanyaga kwa kuogopa kuachwa na treni. Kwa hiyo nilivyomwambia akanipa sharti moja tu, "Mwanangu, mengine utajua wewe, mimi unifikishe pale pa karanga."

Tiketi nilikata mtandaoni, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, na hapa nasisitiza ya kurudi, maana ukiikosa ndo unaanza kutafuta gesti bila mpango, na ukiangukia kipindi cha bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, gesti hizo utazisikia kwa jirani. Treni ya kawaida ni elfu thelathini na kitu kwa mtu kila upande. Kitambulisho muhimu. Na sweta! Sisi tulienda mwezi wa nane, Dodoma iko juu, zaidi ya mita elfu moja na mia moja toka usawa wa bahari, na ule upepo wake wa asubuhi haujali kwamba umetoka Dar unatokwa jasho. Midomo nayo inakauka, beba mafuta.

Njiani sina mengi. Ukishapita Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki, na kila giza likiingia mama alikuwa anasoma dua kwa sauti mpaka kijana wa kiti cha mbele akawa anaitikia amina. Baadaye mibuyu ikaanza kuonekana, mama akasema haya sasa hapa napajua.

Sasa tuje kwa binamu yangu. Huyu bwana anafanya kazi serikalini, amehamia Dodoma siku nyingi, na wikiendi ile mwenyewe alikuwa Morogoro lakini ushauri alitoa kwa simu kama yupo. "Mkishuka tu nendeni Mtumba, Mji wa Serikali, ndo mtaiona Dodoma ya sasa, mkienda mjini mtaona yale yale." Na akasisitiza tukodi gari la siku nzima, anamjua mtu, laki na kitu. Gari la siku nikakataa, ila Mtumba nikaona basi tumheshimu mkubwa. Tukapanda teksi.

Jamani. Mtumba iko kama kilomita kumi na saba toka katikati ya mji, upande wa barabara ya Dar, na ile ilikuwa Jumamosi. Barabara nzuri sana, pana, lami inang'aa, majengo ya wizara yamejipanga marefu, kila jengo na geti lake, kila geti na mlinzi wake, na watu hakuna. Tumeshuka kwenye geti moja tunyooshe miguu, mlinzi akatoka, kijana mstaarabu kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo mama. Mna miadi na nani?"

"Hatuna miadi, tunatembea tu."

Yule kijana alitutazama, akatazama teksi, akatazama kikapu cha mama. Nadhani alikuwa anasubiri tuseme shida yetu. Mama naye kwa kumsaidia akamuuliza kama pana sehemu ya kukaa kunywa chai. Kijana akasema mama leo Jumamosi ofisi zimefungwa. Tukarudi kwenye gari, mama akakaa kimya mpaka tukaikaribia barabara kuu halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo tumetoka Dar kuja kuangalia mageti?" Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Hela ya ile teksi sitaki hata kuitaja, ila kama una mkwe mkorofi na unataka kumpotezea asubuhi, mpeleke Mtumba Jumamosi.

Toka hapo sikusikiliza mtu tena. Simu ya binamu ikiita naiangalia tu.

Mjini tukaanza na stesheni ya zamani, ile ya reli ya Mjerumani iliyofika mpaka Kigoma mwaka 1914. Iko pale pale katikati, hoteli ya siku nyingi inatazamana nayo. Treni haikuwepo, mama akaomba kwa adabu zake akaruhusiwa kusogea, akasimama akapima pima, akasema hapana, mimi nilikuwa behewa la nyuma, akahama akasogea mbele hatua kadhaa, akahama tena. Kisha akageuka akaniambia "padogo." Basi! Miaka yote hiyo padogo. Karanga tulizikuta nje kwa mama mmoja kwenye ungo, zimekaangwa na chumvi na zina moto bado, mama akabishana naye bei kwa kirefu, na nikikwambia kirefu elewa kirefu, halafu akamwachia chenji yote.

Nyerere Square ni hatua chache, tukapita tukaliona sanamu la Mwalimu, wapiga picha wakatukimbilia, tukapiga moja, tukaendelea.

Kitu ambacho nitajisifu nacho ni adhuhuri. Ukiwa na mzee, shida ya kutembea mji usio na ndugu sio kuona vitu, ni choo, maji, na pa kuegemeza mgongo. Watu wanakimbilia kukaa mgahawani wananunua soda wasizozitaka. Sisi tukaenda kuswali Msikiti wa Gaddafi, ule mkubwa uliojengwa kwa msaada wa Libya ukafunguliwa 2010, unaingiza maelfu ya watu. Udhu, maji, choo, zulia, ubaridi, vyote pale. Upande wa wanawake tulikuwa wachache tu, baada ya swala mama akajinyoosha kwenye nguzo na mtandio usoni akapata usingizi wake wa nguvu, nami nikapumzisha moyo. Alivyoamka alikuwa mpya. Kama wewe si Muislamu tafuta kivuli cha Chinangali Park, ila zulia hakuna.

Halafu ndo tukaenda Msalato, na hii ndo sababu nilichagua Jumamosi tangu mwanzo. Mnada wa Msalato ni Jumamosi, uko nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Arusha inayopita Kondoa, daladala za huko zipo na bajaji zipo. Ukifika ni vumbi, mitumba, masufuria, ng'ombe na mbuzi, wazee wa Kigogo na fimbo zao, Warangi wa Kondoa, vijana wa Kimasai na simu mbili mbili, halafu moshi. Ule moshi ndo tuliufuata.

Nyama pale hauagizi kama mgahawani. Unaenda kwenye mbuzi aliyening'inia, unaonyesha unataka wapi, anakata, mnakubaliana, inachomekwa kwenye kijiti kirefu na kijiti kinasimikwa pembeni ya moto wa kuni pamoja na vijiti vya watu wengine. Mimi nikataka paja, mama akanisogeza pembeni kwa kiwiko, akataka mbavu na kipande cha bega, akasema paja ni la picha. Bei mnamaliza kabla kisu hakijagusa nyama, ikishakaa motoni wewe ndo unambembeleza yeye. Na mama akaanza na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," sijui kajifunzia wapi hiyo, kijana mchomaji akacheka akaitika na nina uhakika kabisa buku mbili tatu zilishuka pale pale.

Sasa sikilizeni hii. Nyama inakaa motoni muda mrefu, saa nzima na zaidi, na huwezi kukaa unaitazama kwa ule moshi, kwa hiyo watu wanaenda kuzunguka mnadani. Ukirudi vijiti viko thelathini vinafanana, kila mtu anasema hiki changu, na mbavu zako nene zimegeuka kijiti cha mifupa. Mchomaji anaapa ni hiyo hiyo, imenywea kwa moto. Mama hakusema kitu. Akachomoa uzi kwenye pindo la khanga yake, uzi mwekundu, akaufunga chini kabisa kwenye kijiti chetu, kwenye sehemu inayoingia mchangani, akakisimika mwenyewe. Juu huoni chochote. Tukaenda zetu kuangalia masufuria.

Kurudi, kijana wa zamu alikuwa mwingine, akatukabidhi kijiti kwa heshima zote, mama shikamoo, mama karibu, hii hapa yenu. Mama akapokea, akakichomoa, akaangalia chini. Hakuna uzi. Akakirudisha mchangani, akaanza kuchomoa kimoja kimoja, anaangalia mguu wa kijiti, anarudisha, wateja wengine wakaanza kusogea kuona huyu mama anatafuta nini. Cha tano au cha sita, uzi huu hapa mwekundu, mbavu zetu zimeiva zinatiririka mafuta, zimefichwa nyuma upande wa upepo. Mzee mmoja akapiga makofi. Kijana akasema mama samahani vimechanganyika, mama akamjibu "Najua baba, ndiyo maana nikafunga." Tukakatiwa juu ya ubao, chumvi pembeni, pilipili, ndimu, ugali wa moto. Mama akaulizia na mlenda, ukapatikana kwa mama lishe wa jirani. Hatukuongea kwa muda.

Zabibu ziwe za mwisho kabisa. Mtu mwingine wa ushauri alisema ninunue asubuhi bei ikiwa chini, sasa niambieni unazunguka Mtumba na Msalato na zabibu za nini, zinachemka kwenye bajaji mpaka jioni unabeba juisi. Tulizinunua soko la Majengo tukiwa njiani kuelekea stesheni ya SGR. Mwezi wa nane ni msimu, ule mwingine ni Februari na Machi. Muuzaji alimpenda mama, akamfundisha kabisa: "Dada yangu usiangalie rangi, angalia kikonyo." Kikonyo cha kichala kikiwa kijani zimekatwa leo, kikiwa kahawia kimekauka ni za juzi. Na ule ukungu mweupe kama unga juu ya zabibu usiukimbie ukadhani ni dawa, ukiwa bado upo maana yake hazijashikwashikwa. Usizioshe mpaka nyumbani. Tukanunua boksi tupu la biskuti duka la jirani, jero, tukatoboa matundu pembeni kwa kalamu, gazeti chini, vichala safu moja, gazeti tena, safu nyingine, basi, safu ya tatu hapana. Yule dada tuliyekaa naye treni alikuwa na zake kwenye mfuko, kufika Morogoro kiti kilikuwa kimelowa.

Stesheni fika mapema, iko pembeni ya mji na kuna ukaguzi wa mizigo. Boksi letu lilipita kwenye mashine, mkaguzi akauliza zabibu eeh, mama akampa chache.

Yote kwa yote, ukiondoa tiketi na ile teksi ambayo siitaji, sidhani kama tulifika elfu sabini watu wawili, na nyama tulibakiza tukafunga. Binamu alipiga usiku kuuliza Mtumba tumeionaje, nikampa mama simu. Mama ameshaanza kuulizia lini tena, na shangazi naye anataka kuja, ila anang'ang'ania Jumapili kwa sababu ya duka lake. Nimemwambia Jumapili mnada hakuna, afunge duka.