Nywele za kipilipili na upepo wa Dodoma

Kuanzia Mei mpaka Oktoba Dodoma ni nadra kunyesha. Upepo unavuma kutwa na vumbi lake, na nywele ambazo kwetu Tanga zilikuwa laini bila kuhangaikiwa, huku zinakakamaa kabla ya saa sita mchana. Nilikuja na ofisi, serikali ilipoanza kuhamia huku baada ya uamuzi wa mwaka 2016. Wenzangu wengi wakatia dawa, wengine wakanyoa. Mimi nimebaki na zangu, nikizinyoosha zinagusa mabega, na kila wiki kuna mtu ananiuliza: dada, unapaka mafuta gani?

Ninapaka maji.

Mafuta hayalowanishi nywele. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo yasikauke upesi. Ukipaka mafuta kwenye nywele kavu, zitang'aa kwa nje na zitaendelea kukatika. Ngozi za vichwa vyetu zinatoa mafuta kama za watu wengine, ila nywele iliyojisokota kama springi haiyapi njia ya kuteremka mpaka nchani. Na ncha ndiyo kongwe. Nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo unywele wa sentimita 24 una ncha ya miaka 2 hivi, iliyokwishapita kwa wasusi, juani na kwenye mito ya pamba. Anayelalamika kwamba nywele zake hazikui, mara nyingi zinakua vizuri tu. Zinakatika kwa kasi ile ile zinayoota.

Jumamosi jioni ndiyo siku yangu. Nagawa kichwa mafungu, kila fungu nalibana peke yake, kisha nashika moja na chupa ya kupulizia maji. Nalowanisha mpaka nywele zilegee. Napaka kondishena, naachanisha mafundo kwa vidole, ndipo nachukua chanuo la meno mapana na kuanzia nchani, napanda kidogo kidogo kuelekea kichwani. Ukianzia kwenye shina unayasukuma mafundo yote chini mpaka yawe donge moja, na donge hilo halitoki bila kukata. Nikishasuuza, nywele zikiwa bado na maji, napaka mafuta ya nazi kiasi cha kulainisha viganja, halafu siagi ya shea kwenye ncha tu.

Mafuta ya nazi natumiwa na mama. Anakuna nazi, anakamua tui zito, analiacha lilale, asubuhi anaengua ule utando wa juu na kuuchemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na mashapo yawe ya kahawia. Nayasifu kwa sababu ni miongoni mwa mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele wenyewe, na yakipakwa usiku wa kuamkia kuosha yanapunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ya mnyonyo ni mazito, yanakaa juu. Nayapenda kwa ncha, ila sijaona yakiotesha nywele kama wauzaji wanavyodai.

Kitu kimoja cha Tanga nimekiacha huko: gliserini. Huvuta maji kutoka yalipo. Pwani hewa imejaa unyevu, inayapata. Hapa mwezi wa nane hewa haina cha kutoa, na nywele zangu zilikuwa zinakauka zaidi kila nilipoipaka. Maji ya kisima ya mtaani kwetu nayo yana chumvi, kwa hiyo mvua zikianza nakinga ndoo za kuoshea.

Usiku nasuka uzi mweusi, mistari mikubwa isiyobana. Uzi unanyoosha nywele bila kuchoma, na ncha zinalala zimefunikwa. Juu nafunga kitambaa cha satini, maana pamba hunyonya unyevu.

Kiangazi nakaa zaidi na rasta, wiki sita hivi, hazivuki nane. Msusi wangu wa Majengo anajua kwamba nywele za pembeni mwa uso hazikazwi. Vipele vikitokea pale, nywele zimevutwa kupita kiasi na ni za kufumuliwa siku hiyo hiyo. Siku ya kufumua ndiyo wengi wanapopoteza urefu wote walioutunza. Pale rasta ilipoanzia pana kipete cha kijivu cha mafuta, vumbi na mba. Maji yakikigusa kabla hujakitoa, nywele zinashikamana palepale. Paka mafuta au kondishena kwenye kila kipete, kibonyeze kwa vidole mpaka kilegee, chana fungu zima, ndipo uende kuosha. Utaona nywele nyingi mkononi. Nyingi ni zile ambazo zingedondoka kidogo kidogo kila siku, ila rasta ilizishikilia.