Kutoka Kaftori, Kutoka Kiri

Somo: Amosi 9:7

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Alhamisi iliyopita ushirika wetu wa nyumbani nusura ugeuke baraza la mashtaka. Chai imemiminwa, mahamri bado ya moto, mama mmoja wa Frere Town akasema hakuna walioteswa kama wao. Wazee wao, Wayao, Wamakua, Wanyasa, walinyakuliwa bara wakauzwa. Manowari za Waingereza zikawatoa majahazini, wengine wakalelewa Nashik kule India kabla misheni haijawapa makao hapa Mombasa mwaka 1875. "Nyinyi Wamijikenda mlikuwa na kaya zenu," akamalizia.

Mzee wa Rabai akaweka kikombe chini. Njaa ya miaka ya 1880, akasema, ilimkuta mama wa babu yake angali mtoto. Akawekwa rehani kwa pishi za mahindi. Hakuna aliyekuja kumkomboa. Alijikomboa kwa miguu yake, akatorokea misheni Rabai.

Kimya. Ndipo tukafungua Amosi.

Israeli walijivunia safari ya kutoka Misri, na Mungu hakanushi machozi yao. Anawauliza tu: si mimi pia niliyewatoa Wafilisti Kaftori, na Washami Kiri? Wafilisti, hao hao wa Goliathi! Na Washami ndio walioipura Gileadi kwa vyombo vya chuma; kasome sura ya kwanza ya kitabu hicho hicho, uone hukumu yao. Anawahukumu, na bado safari yao anaijua tangu ilikoanzia. Nikiri, aya hii hunikera. Ningependa adui yangu asiwe na Kutoka yake.

Wala tusiseme yote yalikuwa sawa. Mtoto wa rehani alijua kilima cha kwao kiko upande gani. Aliyevushwa bahari hakujua. Amosi naye hasemi Kaftori ni Misri. Kila safari ina mahali pake na jina lake.

Tulipokwisha kuomba, mama yule akatoa daftari la majina ya ukoo wake. "Mzee, huyo mama wa babu yako aliitwa nani?"

Akamtajia, akamwona akiliandika taratibu, kisha naye akauliza: "Na wenu?"

"Wetu tunalo la ubatizo tu," akajibu. "La kwao lilibaki jahazini."